Chuma cha Mkokoteni wa Ng'ombe

Msimu wa pamba unapofika Zagayu, mkoani Simiyu, mikokoteni ya ng'ombe hushika njia. Kabla ya mikokoteni kuenea Usukumani, wakulima wengi walitumia chombo rahisi zaidi: gogo lenye panda, lililoburutwa ardhini na mzigo juu yake. Halikuwa na gharama, lakini liliichimba njia, na mvua ikaigeuza njia hiyo kuwa korongo. Gurudumu liliondoa tatizo hilo, likaleta swali jingine: fremu na ekseli vitengenezwe kwa chuma cha namna gani?

Fundi wa kijijini huchagua katika rundo la vyuma chakavu. Humo huvutiwa na bamba la springi ya lori, kwa kuwa anajua kwamba ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Uteuzi huo una kasoro mbili.

Feleji ni aloi ya chuma na kaboni. Chuma laini cha madukani kina kaboni isiyozidi asilimia 0.25 hivi, cha springi kina karibu asilimia 0.6. Kaboni huongeza mzigo ambao chuma huhimili kabla ya kupinda bila kurudi, lakini haiongezi ukakamavu wake. Pau mbili za vipimo sawa, moja ya chuma laini na nyingine ya springi, zikibebeshwa mzigo mmoja usiovuka kikomo cha unyumbufu, zitabonyea sawasawa. Anayetaka fremu isiyobonyea abadili umbo. Pau ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 40 ina uzito karibu sawa na bomba la urefu uleule lenye kipenyo cha nje cha milimita 60 na cha ndani 45. Lakini bomba hilo hukinza kupinda karibu mara tatu na nusu zaidi.

Alumini, ambayo baadhi ya watu huisifu kwa wepesi wake, ina theluthi ya uzito wa feleji, na ukakamavu wake pia ni theluthi. Isitoshe, mashine ya kawaida ya kuchomelea chuma haiifai.

Kasoro ya pili ni ya hatari zaidi. Springi ikichomelewa, sehemu iliyo kando ya kiungo hupata moto mkali kisha hupoa ghafla. Kwa sababu ya kaboni nyingi, hapo huzuka umbile liitwalo martensaiti, gumu lakini lenye kukatika kama kigae. Ufa mwembamba huanza bila kuonekana chini ya rangi. Chuma laini kikizidiwa hupinda kwanza, na mwenye mkokoteni huonywa. Kiungo cha springi hukatika ghafla, pengine katikati ya mto, na juu yake yumo mgonjwa anayepelekwa zahanati.

Elimu ya kaboni si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mababu wa Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, waliyeyusha feleji ya kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa sindano mbili za kushonea na msumari mmoja. Vyote vipashwe moto hadi viwe vyekundu. Sindano moja na msumari vitumbukizwe majini. Sindano ya pili izikwe katika majivu ya moto ipoe polepole. Kisha, macho yakiwa yamekingwa, kila kimoja kikunjwe kwa koleo. Sindano ya majini itakatika. Ile ya majivuni itapinda, na msumari vilevile.