Nyayo Bapa

Nikitoka kuoga, wenzangu hucheka alama ninazoacha sakafuni, maana wayo wangu wote hukanyaga chini kama wa bata. Wako wengine hapa shuleni wenye nyayo kama hizi, na mmoja amekwisha kuacha mbio kwa kuona haya. Kwa hiyo naona yafaa nieleze jambo hili.

Wayo una uvungu upande wa ndani, kati ya kisigino na vidole. Mifupa yake imepangana kama tao la mlango, nayo hushikwa na kano na misuli. Mtoto mchanga hana uvungu huo. Wayo wake umejaa mafuta, na kano zake ni laini bado. Tao huinuka kidogo kidogo mpaka apate miaka kumi hivi. Kwa baadhi yetu haliinuki, na mara nyingi ni urithi. Baba yangu amelima kwa nyayo kama hizi miaka yote.

Basi, mwenye wayo bapa na asimame kwa ncha za vidole. Uvungu ukitokea, wayo wake wanyumbuka, na kama haumwumi, si mgonjwa. Usipotokea, au wayo ukiuma, au mmoja ukibonyea hali mwenzake u mzima, amwone daktari.

Wazazi wengine hutoa fedha nyingi kununua viatu vya kuinua tao. Majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka 1989, baada ya watoto wadogo kuvivaa miaka mitatu, yalionyesha kuwa havikubadili wayo. Tena huko India, mwaka 1992, watoto 2,300 walichunguzwa: waliovaa viatu, 8.6 kwa mia walikuwa na nyayo bapa, wasiovaa, 2.8 tu. (Sisemi tutupe viatu, miiba ipo, na safura ipo.)

Anayeumwa hufaa avae kiatu chenye kisigino imara na kitegemezo ndani yake. Hakijengi tao, lakini hupunguza maumivu. Pia anyoshe mashavu ya miguu, ainuke kwa vidole, na aokote kitambaa kwa vidole vya miguu. Mimi hufanya hivyo bwenini kila jioni, mara ishirini kila mguu.

Yule aliyeacha mbio tulimpima juzi penye bomba. Aliposimama kwa vidole, uvungu ulitokea.