Krioli, Mikataba na Vimbunga: Umoja wa Karibi

Kisiwa cha Dominica kimekaa kati ya Guadeloupe na Martinique. Lugha yake rasmi ni Kiingereza, ilhali majirani hao wawili ni sehemu ya Ufaransa. Lakini wasemaji wa Krioli wa visiwa vyote vitatu huelewana bila mkalimani, kwa kuwa msamiati wa Krioli yao umetokana na Kifaransa. Saint Lucia nayo wanaisema, ingawa Uingereza ilikichukua moja kwa moja kisiwa hicho mwaka 1814.

Wanasiasa walichelewa kufika hapo. Shirikisho la West Indies la 1958 lilikusanya makoloni ya Uingereza tu, likavunjika 1962 baada ya Wajamaika kupiga kura ya kujitoa. Waliofuata hawakutaka tena serikali moja. Walianza na soko. Barbados, Guyana, Jamaika na Trinidad na Tobago ziliunda Jumuiya ya Karibi, CARICOM, tarehe 4 Julai 1973. Suriname, inayotumia Kiholanzi, iliingia 1995, kisha Haiti 2002. Ujio wa Haiti haukuwa jambo dogo: watu wake ni wengi kuliko wa nchi wanachama nyingine zote kwa pamoja.

Kuba haimo katika CARICOM, lakini nchi zile zile nne zilifungua nayo uhusiano wa kibalozi Desemba 1972, wakati serikali nyingi za Amerika zilikuwa zimeitenga. Huo ulikuwa ujasiri kwa mataifa yaliyokuwa na umri wa miaka 10 au chini yake. Mwaka 1994, mjini Cartagena, Kolombia, ukaundwa Umoja wa Nchi za Karibi, wenye wanachama 25 na lugha tatu rasmi: Kihispania, Kifaransa na Kiingereza.

Pengine ushirikiano wenye manufaa ya wazi zaidi ni wa bima. Kimbunga Ivan kilipoipiga Grenada mwaka 2004, hasara ilikaribia mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima. Mwaka 2007 ukaanzishwa mfuko wa pamoja, CCRIF. Kila serikali huchangia, na malipo hukokotolewa kwa nguvu ya upepo au tetemeko, bila kusubiri wakaguzi wahesabu nyumba zilizobomoka. Haiti ililipwa karibu dola milioni 8 za Marekani baada ya tetemeko la Januari 2010. Nicaragua, ya Kihispania, ilijiunga 2015.