Hisani inayopimika: Funzo kutoka Mbola, Tabora

Na Mwandishi Wetu, Tabora

WAFANYABIASHARA wa misafara waliopita Tabora katika karne ya 19, wakitoka Ujiji kuelekea Bagamoyo, walipima pembe za ndovu kwa frasila, na uzito wa mzigo wa mpagazi ulijulikana kabla hajautia begani. Misafara ya siku hizi ni ya miradi ya misaada, na mzigo wake haupimwi kila mara kwa uangalifu huo.

Mfano ulio mashuhuri ni Mbola, wilayani Uyui. Mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika Mradi wa Vijiji vya Milenia uliobuniwa na mchumi wa Marekani, Jeffrey Sachs, na kutekelezwa katika nchi 10 za Afrika. Wakulima walipata mbegu bora za mahindi na mbolea, kaya zikagawiwa vyandarua vyenye dawa, na huduma za afya na elimu zikaboreshwa, yote kwa wakati mmoja. Mradi ulifikia ukomo mwaka 2015.

Je, ulisaidia? Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Katika kipindi hichohicho Tanzania nzima ilikuwa ikibadilika. Mwaka 2004 Serikali ilikuwa imeanzisha Hati Punguzo ili wajawazito wapate vyandarua kwa bei nafuu. Kwa mujibu wa tafiti za taifa, vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 112 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa 2004-05 hadi 67 katika ule wa 2015-16. Kwa hiyo kijiji ambacho hakikupata hata mfuko mmoja wa mbolea ya mradi nacho huenda kiliona nafuu.

Kasoro kubwa ilikuwa kwamba vijiji vya kulinganisha havikuteuliwa kwa kura tangu mwanzo. Mwaka 2012 watafiti wa mradi waliandika katika jarida la kitabibu la The Lancet kwamba vifo vya watoto katika vijiji hivyo vilipungua kwa kasi mara tatu ya ile ya nchi husika. Wakosoaji wakaonyesha kuwa vipindi vilivyolinganishwa havikuwa sawa, na mwaka huohuo dai hilo likaondolewa. Tathmini ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 2018 na kulinganisha vijiji vilivyoteuliwa baada ya kazi kwisha, ilikuta matokeo mazuri katika vipimo 30 kati ya 40, lakini theluthi moja tu ya malengo ndiyo iliyofikiwa. Haikuonyesha badiliko la uhakika katika umaskini unaopimwa kwa matumizi ya kaya.

Njia nyingine ilikuwa imekwishajaribiwa Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998, shirika moja lilitaka kutoa dawa za minyoo katika shule 75, lakini halikuweza kuzifikia zote kwa mwaka mmoja. Shule ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25, si kwa upendeleo, na zilizongojea zamu zikawa kipimo cha zilizotangulia. Hakuna aliyenyimwa dawa moja kwa moja. Watafiti Edward Miguel na Michael Kremer waliripoti kuwa utoro ulipungua kwa takriban robo. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walirudia hesabu hizo, wakakuta makosa, na mjadala mkali ukazuka. Hata hivyo, mjadala wenyewe uliwezekana kwa sababu takwimu zilitolewa hadharani.

Asasi mpya kadhaa sasa zinaanza kwa utaratibu wa aina hiyo. Jijini London, taasisi ya Charity Entrepreneurship huchambua ushahidi kwanza, kisha hutafuta waanzilishi wa kuufanyia kazi. Moja ya asasi zilizotokana nayo, LEEP, iliyoanzishwa mwaka 2020, ilianzia Malawi kwa kupima madini ya risasi katika rangi za nyumba zinazouzwa madukani, kisha ikapeleka majibu kwa mamlaka za viwango. Kipimo chake ni chepesi kueleweka: rangi ileile inanunuliwa tena baadaye na kupimwa upya.

Hapa nchini, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 inadai taarifa ya kazi ya kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Taarifa ya namna hiyo inaweza kujaa idadi ya semina, washiriki na posho bila kueleza nani alipona.

Tuchukue asasi changa inayotaka kusambaza klorini ya kutibu maji vijijini Uyui. Kabla ya kuanza, inaweza kuorodhesha vijiji 40 na kupiga kura mbele ya wananchi, 20 vianze mwaka huu na 20 mwaka ujao. Baada ya miezi mitatu, wapimaji wafike nyumbani bila taarifa, wachote maji mtungini na kuyatia kitendanishi kinachobadilika rangi panapokuwa na klorini. Ni kazi ya dakika chache kwa kila kaya. Kupima vifo vya watoto kungehitaji kaya nyingi mno na miaka mingi. Hilo limekwishafanywa na tafiti kubwa kwingineko, na asasi haina haja ya kulirudia.

Kama mitungi ya vijiji vyote 40 itakuwa sawa, waanzilishi watakuwa wamejua ndani ya mwaka mmoja, kabla fedha ya awamu ya pili haijatoka.