Mwandishi akitoa habari isiyomo kitabuni, tumwamini nani?

Msikilizaji, huenda umewahi kusoma hadithi, mhusika akakukaa moyoni, kisha ukasikia mwandishi akieleza juu yake jambo ambalo hukulisoma. Wapo wanaofurahi, wapo wanaokasirika.

Oktoba 2007, mjini New York, mwandishi Mwingereza J.K. Rowling alisema Dumbledore, mwalimu mkuu katika vitabu vya Harry Potter, alivutiwa na wanaume wenzake. Kitabu cha saba na cha mwisho kilikuwa kimetoka Julai mwaka huo, na hakikulitaja jambo hilo waziwazi. Ukumbini watu walishangilia. Nje wengine walipinga, na wengine wakauliza: mbona hakuliandika?

Na kwetu Kusini?

Hapa swali ni zito zaidi, kwa kuwa mhusika alikuwa mtu kweli. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, Vita vya Majimaji vilipoanza. Mwezi huohuo vita vilifika Masasi, misheni ikachomwa moto.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile. Katika utangulizi alieleza kuwa Kinjeketile wake si yule wa historia, amembuni.

Maelezo hayo yana kazi. Katika tamthilia, Kinjeketile anaingiwa na shaka juu ya maji yake. Mwanafunzi wa Newala akimwambia babu yake kwamba Kinjeketile hakuiamini dawa yake mwenyewe, babu anaweza kuona wazee wake wametukanwa. Utangulizi unaweka mambo sawa: shaka ile ni ya mhusika. Tatizo ni kwamba anayetazama mchezo jukwaani hasomewi utangulizi.

Tushike lipi?

Ukizungumzia hadithi, anza na kilichoandikwa. Ukizungumzia historia, waulize wazee na usome wanahistoria. Maneno ya mwandishi nje ya hadithi ni ushahidi wa kupimwa, si hukumu. Na mwanafunzi kwenye mtihani aseme wazi: huyu ni Kinjeketile wa tamthilia, au ni yule wa Ngarambe.

Tamthilia yenyewe inatufundisha hili. Kinjeketile anatambua kwamba neno alilolizaa limekua, limemshinda. Ndivyo ilivyo kwa mhusika: akishaingia mioyoni mwa watu, mwandishi anaweza kumsemea, lakini hawezi tena kumrudisha mfukoni.