JE, WAJUA? Kasuku hurithiwa kama shamba

Mwaka 2020, hifadhi ya wanyama ya Lincolnshire, Uingereza, ilipokea kasuku watano wa kijivu ndani ya wiki moja. Wakawekwa pamoja. Wakafundishana matusi! Mmoja akitukana, mwenzake anaangua kicheko. Ikabidi watenganishwe.

• Huwazika wafugaji. Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, anaweza kuishi miaka 40 na zaidi akifugwa. Wengi hubaki yatima, wakatafutiwa walezi wapya.

• Upweke huonekana kifuani. Kasuku mpweke hujinyonyoa. Kifua kinabaki kipara, kichwa kina manyoya yote. Sababu? Mdomo wake haufiki kichwani. Mlezi humpa vijiti vya kutafuna na maongezi ya kila siku. Hata hivyo, manyoya mengine hayaoti tena.

• Jikoni kuna kifo. Parachichi ni sumu kwake. Kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi, mvuke wake humuua kwa dakika chache. Mpishi huenda asihisi kitu.

• Kwao ni msituni. Asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi, Kongo, hadi Uganda na magharibi ya Kenya. Wategaji humnasa kwa ulimbo. Tangu 2017, biashara ya kimataifa ya kasuku hawa kutoka porini ni marufuku. Aliyeokolewa akiwa amekatwa manyoya ya mabawa husubiri yaote upya. Ndipo huachiwa aruke.