Kijana aliyekivunja chombo cha Mjomba

Wiki hii tumeomba nafasi si kwa habari za kamati wala za paa la msikiti, bali kwa jambo lililotokea nyumbani kwetu hapa Saadani. Mwanzo tulilihesabu kuwa utundu wa mtoto. Baadaye tulibaini kwamba mwenye kosa alikuwa mwingine.

Shemeji yetu, mjomba wa watoto, anafanya kazi Maskati. Alipokuja likizo alimletea kijana wetu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 11, sanduku la vitofali vya kuchezea. Juu ya sanduku palikuwa na picha ya chombo cha anga, katika vile vya hadithi za kubuni za kisayansi, chenye mabawa mawili, mizinga minne, na chumba cha rubani kilichofunikwa kwa kioo cha plastiki. Kijana alikijenga kwa siku 3, baina ya Alasiri na Magharibi, akifuata kitabu cha maelekezo kisicho na neno hata moja ila picha. Kilipokamilika, kwa hakika kilipendeza. Basi sisi tukakichukua, tukakiweka katika kabati la vioo sebuleni, kando ya vikombe vya harusi, na kila mgeni aliyepiga hodi alionyeshwa zawadi ya Maskati. Mwenyewe hatukumuuliza.

Kikakaa humo miezi miwili. Siku moja tulirejea kutoka Bagamoyo, tumechoka na vumbi la njia, tukamkuta kijana barazani juu ya mkeka. Chombo hakipo. Kimekuwa vipande mia kadhaa, vimepangwa kwa rangi na kwa ukubwa ndani ya vifuniko vya ndoo. Tulighadhibika. Tulizungumza habari za israfu, tukataja jasho la mjomba wake katika jua la Maskati, tukataja shukurani. Kisha tukavizoa vyote, tukavitia sandukuni, na sanduku likaingia chini ya kitanda chetu. Kijana hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Baba, kile chombo kilikuwa changu au cha kabati?" Tulimjibu kuwa huo ni utovu wa adabu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Swali lile lilitukosesha usingizi, nasi tukaanza kuuliza na kusoma habari za vitofali hivi.

Asili yake ni mji mdogo wa Billund nchini Denmark, na aliyeanzisha kazi hiyo alikuwa seremala. Ole Kirk Christiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi duniani, kazi za ujenzi zilipokuwa haba. Mwaka 1934 alikipa kiwanda chake jina la Lego, lililofupishwa kutokana na maneno mawili ya lugha ya kwao yenye maana ya "cheza vizuri". Kitofali cha plastiki tukijuacho leo, chenye vinundu juu na mirija tumboni, kiliombewa hati ya uvumbuzi tarehe 28 Januari 1958, wakati kazi ilikuwa imekwisha shikwa na mwanawe, Godtfred. Siri yote iko katika mirija ile. Huvibana vinundu vya kitofali cha chini kwa nguvu inayotosha kushika, lakini isiyovishinda vidole vya mtoto. Kwa maneno mengine, kitofali kimeundwa kishike na vilevile kiachie. Kile cha mwaka 1958 hata leo kinashikana na kilichotoka kiwandani juzi.

Tukasoma pia hesabu moja iliyotunyamazisha. Chukua vitofali 6 tu vya rangi moja, kila kimoja chenye vinundu 8. Namna za kuviunganisha ni 915,103,765. Kitabu cha maelekezo humwonyesha mtoto moja.

Ama vyombo vya anga, vilianza kuwa mkondo maalumu wa kiwanda hicho mwaka 1978, na mwaka 1999 vikaja vile vinavyoiga filamu za Star Wars. Mwaka 2017 kilitolewa kimoja chenye vipande 7,541, ambacho bei yake hatutaitaja mbele ya watu wenye ada za shule za kulipa. Lakini lililotugusa zaidi ni habari ya wale waliounda vyombo vya filamu yenyewe ya mwaka 1977. Watu wale walinunua maboksi ya kuundia vifaru, meli na magari ya plastiki, yale yauzwayo madukani, wakayafungua na kuchukua vipande vyake, kisha wakavibandika juu ya vyombo vyao ili jicho lidhani linaona mabomba, injini na matundu ya hewa. Chombo ambacho mamilioni ya watoto wanakiiga kipande kwa kipande kilizaliwa kwa kuvunja vitu vya watu wengine.

Hapo ndipo tulipolitoa sanduku chini ya kitanda. Hatukuomba radhi waziwazi. Tulilisukuma tu hadi mlangoni mwa chumba chake. Wazazi wenzetu wa kiume mtatuelewa, na mama wa kijana akatutazama kwa namna ambayo nayo mtaielewa.

Alichokifanya kijana baada ya hapo tulikishuhudia kwa macho. Kwanza aliiondoa mizinga yote minne. Tulipouliza, alisema chombo chake hakina ugomvi na mtu. Kisha akaurefusha mwili wake, na katika urefu ule akatengeneza ngama, maana amekiamuru kiwe chombo cha kupakia chumvi ya Saadani na kuipeleka mwezini. Anayekijua kijiji chetu anajua kuwa chumvi kwetu ni jambo zito. Vitofali alivyopewa havikutosha, akachanganya na vya bei nafuu vilivyotoka Kariakoo, ambavyo baadhi vinalegea na baadhi having'oki mpaka kwa meno. (Wazazi, meno yakatazeni. Na vipande vidogo visikae karibu na mtoto mchanga, kwani humezwa upesi.) Injini amezifanya kwa vifuniko vya chupa na mirija ya kalamu zilizokwisha wino. Kuna vipande vyenye kinundu ubavuni badala ya juu. Kwa hivyo aliweza kuvilaza vitofali ubavu na kuufanya ukuta wa nje uwe laini kama uliopigwa randa. Hilo hakufundishwa na kitabu. Aliligundua usiku, kwa taa ya simu, wakati sisi tulidhani amelala.

Mchanga wa pwani nao ni adui. Ukiingia kwenye mirija, kitofali hakishiki. Kijana huviosha kwa maji ya uvuguvugu na kuvianika kivulini. Maji ya moto hupotosha plastiki ile, na jua hukifanya kitofali cheupe kigeuke rangi ya jino la mvuta tumbaku.

Bawa la kushoto lilimshinda. Kila alipokiinua chombo, bawa lilikatika mahali palepale. Ikawa siku ile amekuja baba yetu mzazi, ambaye alijenga mashua Bagamoyo kwa miaka mingi kabla macho hayajapungua nguvu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu lete hicho chombo."

Mzee alikipapasa zaidi kuliko kukitazama. Alipita kwa kidole gumba kwenye shina la bawa, akasimama, akarudi nyuma, akasimama tena. Kisha akasema: "Maungio yako yote yamekaa mstari mmoja. Hapo umemchorea njia ya kupasukia." Akamweleza kwamba fundi hamalizi mbao mbili zinazofuatana kwenye taruma moja; ncha ya ubao wa juu huangukia katikati ya ubao wa chini, na ndiyo sababu bahari haipati pa kuanzia. Akamuuliza mkuku wa chombo hiki uko wapi. Kijana akasema chombo cha anga hakina mkuku. Mzee akasema, basi ndiyo maana kinalegea, na wakaketi wawili hao mpaka adhana ya Magharibi, wakikitia mkuku chombo cha kwenda mwezini. Ni lugha yetu tu, nadhani, inayomruhusu babu na mjukuu wazungumze hivyo bila mmoja kumcheka mwenzake: cha Babu ni chombo, na cha kijana ni chombo.

Tulijaribu kumshitakia mzee habari ya kuvunja zawadi. Alituuliza ni mashua ipi tuliyoiona Bagamoyo isiyowahi kung'olewa ubao. Hatukuwa na jibu.

Wapo watakaouliza habari ya sanamu, na swali hilo lilikwisha fika barazani kabla ya kufika gazetini. Chombo cha anga si kiumbe chenye roho, kwa hiyo hapo hakuna mvutano. Zaidi ya hayo, imepokewa kuwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, katika vitu vyake vya kuchezea alikuwa na farasi mwenye mabawa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizia mabawa yale na kujibiwa, alicheka. Habari hii tuliisoma chuoni. Tuliisahau mbele ya kabati la vioo.

Kwa kuwa tulitaka suluhu na kijana, tulimsimulia mambo mawili ya pwani yetu ambayo shuleni hakuwahi kuyasikia. La kwanza, kwamba ng'ambo ya maji haya, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya anga vya mwanzo, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 aliongea na watu wa kituo hicho kwa redio. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. La pili lilimfanya aache kula. Kaskazini yetu, Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la chuma baharini, lenye miguu iliyokita chini ya maji, liitwalo San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 lilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake iliwezesha kuandikwa orodha ya vyanzo 339 vya mionzi hiyo mbinguni.

"Ilitoka baharini? Bahari hii hii?" Tukamwambia hii hii. Kesho yake chombo cha chumvi kilikuwa kimepata jukwaa lenye miguu minne, na ubavuni kimeandikwa kwa wino, kwa herufi zisizolingana, UHURU.

Lilibaki jambo moja tulilokuwa tukilikwepa. Mjomba alituma ujumbe kutoka Maskati kwamba Ijumaa baada ya Isha atapiga simu ya video, awaonyeshe wenzake anaoishi nao kile chombo alichokinunua. Wapenzi wasomaji, tutasema kweli. Wazo la kwanza lililotujia sisi, katibu wa kamati ya msikiti, lilikuwa kusema kamera ya simu imeharibika. La pili lilikuwa kumwamrisha kijana akivunje alichokijenga na kukirudisha cha kitabuni kabla ya Ijumaa. Hili la pili tulilitamka. Kijana alitutazama, akaanza kung'oa jukwaa, mguu mmoja, halafu wa pili, taratibu, na uso wake ulikuwa umefungwa kama siku ile ya sanduku. Tukamwambia aache.

Simu ilipoita, tulisimama na kauli yetu mdomoni, tukiipanga. Kijana aliishika simu, akatoa salamu, kisha akasema: "Mjomba, nimekivunja."

Upande wa pili palikuwa kimya. Tuliweza kusikia kiyoyozi kikivuma. Shemeji akasema, bila kupaza sauti, kwamba kile kitu kilimchukua mshahara wa wiki mbili. Kijana akasema, "Najua, Mjomba. Nisamehe. Vipande vyote vipo." Kimya tena. Kisha: "Haya, geuza kamera."

Akakiona. Hakukisifu. Aliuliza miguu ile ni ya nini, akaelezwa habari ya Malindi. Aliuliza mizinga imekwenda wapi. Aliuliza magunia ya chumvi yanapakiwa upande gani, na kijana akafungua mlango wa ngama kumwonyesha. Mmoja wa wenzake, ambaye hatukumwona sura, alisikika akisema bawa la kushoto linaning'inia.

"Limefungwa kwa uzi wa nyavu," kijana akakiri. "Babu ameliwekea mkuku, lakini halikunjiki. Linataka bawaba."

"Ngapi?"

"Nane."

Shemeji akamwambia mwenzake atafute kalamu.