Diski ya mjomba yazua kasheshe Isevya!

Wiki hii tuyaweke pembeni ya mapenzi na mitindo, nikupe kisa cha mashine iliyonizidi umri.

Marehemu mjomba alituachia vitu vitatu hapa Isevya, Tabora: baiskeli, redio na kompyuta aliyoinunua mwaka 1998. Enzi hizo kuwa na kompyuta sebuleni si mchezo. Kumbuka mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata masharti yalipolegezwa, huku kwetu wengi waliishia kuziona kwenye picha. Mjomba aliileta kwa treni kutoka Dar, kaipakata kama kichanga.

Sasa mwaka huu ndugu wameanza kugombania shamba la bibi, lile la miembe njia ya Kwihara. Ndiyo, Kwihara ile ya tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Miembe ya huku ilifuata misafara ya pembe kutoka pwani, na kila mmoja kwetu anadai mti fulani ni wake. Bibi aligawa kabla hajafa: yeye anasema, mjomba anapiga chapa. Karatasi yenye dole gumba la bibi ikaliwa na mchwa. Ikabaki diski moja ya inchi tatu na nusu, imeandikwa kwa kalamu: MAMA – SHAMBA.

Mimi na elimu yangu ya kidato cha nne nikajifanya mjuzi. Nikaazima kisoma diski cha kuchomeka pembeni, nikapachika kwenye kompyuta mpya ya mshkaji wangu. Kimya! Ikaniambia diski haijaandaliwa, eti iifute ianze upya? Nikaichomoa mbio, jasho linanitoka.

Nikakimbilia kwa babu mmoja fundi redio, yuko jirani na soko.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu. Nani kakutuma uiweke huko? Kichwa cha mashine ya zamani kikipinda kidogo, kinaandika pembeni ya mstari. Mwenzake hasomi. Anayesoma ni yeye mwenyewe."

Yaani ilibidi tumfufue mgonjwa yule yule.

Tukaiwasha. Kwanza ikagoma ikidai haina draivu kabisa. Babu akacheka: betri ya duara iliyo ndani, ile inayofanana na sarafu, imekufa, kwa hiyo mashine imesahau ina viungo gani. Tukaweka mpya, tukaingia kwenye mipangilio, tukaikumbusha: draivu A, 1.44. Hapo taa ya kijani ikawaka, ikakataa kuzima. Kumbe nilipokuwa nachungulia ndani niliurudisha waya bapa kichwa chini! Ule ukingo mwekundu lazima ukae upande wa pini namba 1. Ukiona taa imeganda namna hiyo, msomaji, usinunue kitu, geuza waya.

Halafu vumbi. Kiangazi cha Tabora unakijua wewe? Ndani ya draivu kulikuwa na shamba jingine. Tukapuliza kwa pampu ya baiskeli ya mjomba, taratibu. Kisha pamba ya masikio na spiriti kwenye vichwa viwili, juu na chini. Babu alisisitiza hapa kuliko popote: kwenye diski hizi kichwa kinagusa kabisa, na diski inazunguka mara 300 kwa dakika, kwa hiyo uchafu kidogo unakwangua maandishi yote. Grisi ya kwenye skrubu inayosukuma kichwa ilikuwa imekauka kama ugali wa jana. Tukaifuta, tukatia tone moja la mafuta ya cherehani.

Msafara wa Stanley ulitoka Bagamoyo Machi 1871 ukafika Tabora Juni. Sisi siku nne tulikuwa bado ndani ya sanduku moja.

Tukajaribu kwanza diski isiyo na maana. Ikasoma, krr krr, poa. Ndipo tukachukua ya bibi, tukakifungua kile kitundu cha kona ili mashine isiweze kuandika chochote juu yake, tukaisukuma ndani. Mama kasimama nyuma yangu na kanga mdomoni.

Maandishi yakaanza kumwagika kwenye kioo. Simu mkononi, napiga picha kila ukurasa. "Miembe saba ya upande wa kisima, binti yangu." Mama akakaa chini. "Minne ya bondeni, kitinda mimba." Halafu: "Mwembe mkubwa wa njiani..."

Krrr. Krrr. Krrr. Kioo kikauliza kama niache, nijaribu tena, au nikubali yaishe.

Kipande kimoja cha diski hubeba herufi 512 tu. Mwembe wote wa ugomvi uko humo! Nikajaribu tena mara tatu, sauti inazidi kuwa mbaya.

"Zima, mwanangu," mama akasema. "Utaiua."

Karatasi isiyo na sahihi haitanisaidia mahakamani, najua, ila wazee wa ukoo watasikiliza. Kikao ni Jumamosi. Diski iko kwenye kopo la kahawa kabatini, mbali na sumaku ya spika za redio. Baba mdogo ameshapita mara mbili kuuliza imesema nini kuhusu ule mkubwa.